Mchezaji Aliyefichwa Litembo

Emerensiana Kapinga hakuwa mtu wa mpira. Mpaka leo ukimuuliza kuotea ni nini atakuambia ni ugomvi wa wanaume. Lakini katika miaka ile soko huria lilipoingia, hakuna mtu wilayani Mbinga aliyeijengea timu kikosi kama yeye, na alikijenga kwa funguo na sufuria.

Alikuwa mpishi wa kantini ya chama cha ushirika pale Mbinga mjini kwa miaka kumi na minne. Enzi hizo kupata mchezaji ilikuwa kazi nyepesi. Kijana akifunga mabao mawili matatu, ushirika unampa kazi ya kupanga magunia ya kahawa ghalani, anaoa, anajenga, wala hana haja ya kuhama. Kisha wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, ushirika ukayumba, kantini ikafungwa, na Emerensiana akarudi kwao Litembo na sufuria zake. Timu ya ushirika ikachukuliwa na mnunuzi mmoja wa kahawa, ikapewa jina la Kahawa Rangers. Sasa mchezaji akawa wa yule anayemwahi. Na kumwahi peke yake hakukutosha, ilibidi umfiche mpaka siku ya kusaini, la sivyo wenzako wanamnyakua njiani.

Ndipo katibu wa timu, Bwana Florian, alipokumbuka nyumba ya Emerensiana. Ilikuwa chini kidogo ya hospitali ya misheni, na ndugu wa wagonjwa walizoea kupanga vyumba vyake. Sura ngeni ikionekana uani, jirani hashtuki. Emerensiana akisema huyu ni mpwa wangu anasubiri majibu ya kipimo, yameisha.

Alishaficha wachezaji sita, akapoteza mmoja tu. Huyo alikuwa golikipa. Waliletewa habari kwamba baba yake amefariki, kijana akatoka mbio analia, akamkuta baba mtu anapalilia maharage kwenye ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, mzima wa afya. Kumbe watu wa timu nyingine walikuwa wanamsubiri hapo hapo shambani na fomu. Florian alimgombeza Emerensiana mbele ya wapangaji mpaka akatamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo kila mchezaji aliyekanyaga nyumba yake, Emerensiana alimwambia maneno yale yale kabla hata hajampa maji ya kunywa: "Ukisikia mama yako anaumwa, ujue wamekuja kukuchukua."

Mwaka wa tisini na sita akaletewa Dunstan.

Huyu alikuwa mshambuliaji, mtoto wa Mbaha, ziwani. Alichezea timu ya shirika moja la umma kule Songea mpaka shirika likauzwa, na timu ikafa nalo. Miguu yake ilikuwa inasakwa mkoa mzima. Kahawa Rangers walimwahidi kazi ghalani na mabati ya nyumba ya mama yake. Kusaini kulikuwa Ijumaa mjini Songea, na saa kumi jioni orodha inafungwa. Akikosa hapo, mwaka mzima anakaa nje.

Alikuwa mpole, mcheshi, anaosha sahani bila kuambiwa. Emerensiana alimpenda, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Tangu Jumatatu kulikuwa na mtu wa pikipiki nyekundu anayezunguka sokoni akiuliza uliza. Jina lake Cuthbert, mtafutaji wa wachezaji wa timu ya Songea. Mara mbili alipita mbele ya nyumba polepole, akisalimia kwa adabu kupita kiasi. Emerensiana akawa halali, akisikia pikipiki hata pale isipokuwepo.

Jumatano asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, suruali imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mimi naitwa Ignatio, katekista wa Mbaha. Nimeambiwa Dunstan yuko hapa. Mama yake, Bonifasia, ana homa kali, leo siku ya tano. Anamwita mwanawe."

Emerensiana akasimama katikati ya mlango. "Hapa kuna wagonjwa tu, baba. Nani kakuelekeza?"

"Dereva wa lori la kahawa. Mama, nimetembea tangu jana. Sina sababu ya kukudanganya."

Wote wanasema hivyo, akawaza. Hata aliyekuja kwa golikipa alikuja na macho mekundu. Lakini huyu hakung'ang'ania kuingia wala hakuchungulia ndani. Alikaa kwenye gogo la nje, akavua viatu, akaanza kubinya vidole vilivyovimba. Emerensiana akaingia ndani, akamweleza Dunstan yote bila kuficha.

Dunstan akachungulia dirishani, akacheka.

"Mbaha nzima naijua, mama. Huyo simjui."

"Anasema ni katekista."

"Katekista wetu ni mzee Othmar."

"Huenda amebadilishwa. Miaka mingapi hujarudi kwenu?"

"Mitatu." Akamshika bega kama anayembembeleza mtoto. "Mama Emerensiana, si wewe mwenyewe uliyeniambia? Hao ni wale wale. Nikitoka tu, mabati ya mama yangu yamekwenda."

Emerensiana alijiona mjinga, kisha akajiona mwovu, asijue kipi ni kipi. Mwishowe akajifunga kitenge, akampa Dunstan ufunguo ajifungie kwa ndani, akatoka.

"Twende," akamwambia mzee. "Nitaona kwa macho yangu. Nikikuta ni uongo, baba, hata ukatekista wako hautakusaidia."

Waliteremka mlima kutwa nzima, na kwa saa za kwanza alikuwa akigeuka nyuma kuangalia kama pikipiki inawafuata. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika Mbaha. Kabla hajauliza nyumba ni ipi aliwaona wanawake wamekaa uani kimya, akajua mzee hakusema uongo.

Bonifasia alikuwa hai, lakini kidogo. Alishika mkono wa Emerensiana akaupapasa kwa vidole kama anayetafuta kovu la mwanawe. Alikufa alfajiri ya Alhamisi. Mazishi yakapangwa Ijumaa alasiri, na Emerensiana akaanza kupanda mlima saa ile ile, bila kunywa hata uji.

Alifika Litembo alasiri, miguu haimtii tena. Dunstan akamfungulia, akamtazama uso, tabasamu likafutika.

"Dunstan, keti. Mama yako ametutoka."

Kijana akasema taratibu, bila hasira, na upole huo ndio uliomchoma: "Na wewe wamekupa nini, mama?"

Emerensiana afanye nini? Amwapie? Watu humwapia Mungu kila siku sokoni. Amweleze jinsi mama yake alivyolala? Hata Cuthbert angeweza kutunga hayo. Alimwona kijana akirudi nyuma hatua mbili, akishika ufunguo kifuani.

Basi akatoka uani. Akafungua kilemba, akakaa chini kwenye vumbi, akapiga yowe la msiba kwa sauti yote aliyobaki nayo. "Bonifasia wee! Mama Dunstan wee! Umeondoka, mama wa Mbaha!" Kule kwao mtu anaweza kudanganya bei, umri, hata ndoa, lakini hakuna apigaye yowe la msiba wa uongo. Majirani wakatupa majembe wakaja wakikimbia, na wauguzi waliokuwa wanarudi kazini, na wagonjwa wenye uwezo wa kutembea. Siri ya nyumba ile ikaishia hapo. Cuthbert naye akaja, mfuko wa shati umetuna kwa fomu, akasimama nyuma ya watu. Hakuitoa. Alivua kofia.

Mlango ukafunguliwa. Dunstan akatoka, akamtazama mwanamke aliyekaa vumbini, akaikunja miguu ile iliyosakwa mkoa mzima, akaketi naye.

Ijumaa saa kumi jioni, orodha ilipofungwa Songea, jina lake halikuwa kwa Kahawa Rangers wala kwa Cuthbert. Alikuwa Mbaha na koleo mkononi, anafukia kaburi. Emerensiana alikuwa ameteremka naye mlima ule kwa mara ya pili, akiburuta mguu, kwa sababu hakuthubutu kumwacha atembee peke yake. Alijua Florian hatamletea mchezaji mwingine tena, na hakujali.

Dunstan akasimamisha koleo. "Aliniulizia?"

"Mara tatu."

"Ukamwambiaje?"

Emerensiana alitamani angekuwa na jibu jingine.

"Nilimwambia uko njiani."

Dunstan akaitika kwa kichwa, akainama, akaendelea kufukia.