Ndare Zilizoiva Kiangazi

Kiwanda cha nguo kiliponiachisha kazi Thika, nilienda kukaa na tata, dada ya baba yangu, upande wa Mugutha. Alikuwa amerithi kipande cha bonde ambacho ndugu zake wote walikikataa. Zamani palikuwa kinamasi. Watu walikikausha kwa mitaro, wakachimba ule udongo mweusi, mwepesi, wa majani yaliyooza miaka na miaka, wakaupeleka kwa lori kwenye mashamba ya maua. Walituachia uwanja mweusi uliobonyea chini ya miguu kama godoro.

“Mahindi hayawezi hapa,” tata alisema. “Lakini ndare zitakubali.”

Ndare ni yale matunda ya miiba tuliyokula utotoni, yanayoanza mekundu na kuishia meusi. Tulikata vipandikizi kando ya mto, tukapanda safu sita. Zote zikashika.

Mwaka wa pili mvua ilipotea. Safu tano zilinyauka, ila ile ya katikati ikazaa kupita kiasi. Nilienda kuchuma asubuhi moja, jua halijatoka na nyasi bado zina umande, na matunda yalikuwa na joto mkononi, kama mayai yaliyotoka chini ya kuku. Hakuna ndege aliyekuwa ameyagusa. Mbuzi wetu alifika ukingoni mwa safu ile, akanusa, akarudi nyuma.

Nilimwita jirani, mzee aliyekuwa mmoja wa wachimbaji wa ule udongo. Hakuingia shambani.

“Hata sisi kuna mahali tuliacha kuchimba,” aliniambia. “Sururu ilikuwa inatoka ikiwa moto.”

“Moto wa nani?”

“Sijui. Tulifunika, tukaenda.”

Nilimweleza tata. Alicheka, akaniambia mzee anaogopa kivuli chake, akachukua karai. Nilimfuata hatua chache nyuma, nikitazama mgongo wake ukiinama na kuinuka. Halafu mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini, polepole, bila sauti.

“Ngai! Nivute! Nivute, mwanangu!”

Nilimshika makwapani nikamvuta. Gambuti lake la mpira lilibaki shimoni. Pale lilipobaki niliona wekundu, hauna mwali wala moshi, ukienda chini ya mizizi kama mtu anayepita na taa kwenye korido. Harufu ya mpira unaoungua ikapanda. Ule udongo wa majani makavu ulikuwa unaungua wenyewe, chini kwa chini.

Wiki mbili tulimwaga maji ya mto, mimi na mzee yule, aliyekuja bila kuitwa. Tulichimba mtaro kuzunguka safu. Tukizima hapa, majivu meupe yanatokea hatua kumi mbele, na ardhi inatitia tukitazama. Nilianza kukanyaga hata sakafu ya jikoni kwa vidole kwanza.

Mvua ya masika ndiyo iliyomaliza kazi. Siku tatu bonde lilitoa mvuke hata hatukuuona mto. Mvuke ulipoisha, safu ya katikati haikuwepo. Palikuwa na dimbwi refu la maji meusi.

Kidonda cha moto mguuni mwa tata kilichukua miezi kupona, na alichechemea tangu hapo. Nilimwomba tuache lile bonde. Alikataa. Tulipanda upya upande wa mto, ambako udongo haukukauka kamwe, na msimu uliofuata tulipeleka debe letu la kwanza la ndare sokoni Thika. Mwanamke mmoja alionja, akauliza zimetoka wapi.

“Nyumbani,” tata alimjibu, akamwongezea konzi moja.