Ugonjwa wa Kukaa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kugongewa muhuri katika ofisi moja huku Ngara. Nyuma ya dirisha, makarani wawili, mwanamke na mwanaume, walikuwa wameinamia simu moja kwa nyuso za msiba. Mchoraji wa katuni wanayoifuatilia mtandaoni alikuwa ameandika kwamba amelazwa. Damu imeganda mguuni kwa kukaa kutwa kitini akichora.

“Sisi wasomaji ndio tumemponza,” alisema yule mwanamke. “Wiki jana nilimwandikia, mbona unachelewa kuleta nyingine?”

Mwenzake akajipapasa miguu chini ya meza, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto.

Bibi mmoja kutoka Murukulazo, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaegemea dirisha. “Poleni kwa kuuguliwa, wanangu.”

“Asante, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Mgonjwa wenu anasumbuliwa na nini?”

“Kukaa, bibi. Amekaa mno.”

Bibi akageuka, akatutazama foleni nzima, sisi tuliosimama tangu ofisi ifunguliwe.

“Kumbe siku zote mnatukinga,” alisema. “Mungu awabariki.”

Karani wa kiume akainuka kama aliyeungua, akaapa kwamba hatakaa tena mpaka mchoraji apone. Akatugongea mihuri akiwa wima, na foleni ikaisha upesi ajabu.

Namwombea mchoraji apone haraka. Ila Alhamisi nina barua nyingine ya kugongewa muhuri pale pale, kwa hiyo Ijumaa ingefaa zaidi.