Nyasi Alizoacha Baba

Utotoni mwangu, kule Mbuji milimani, ngoro, yaani mashamba yetu ya mashimo, zililimwa na watu wawili. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke huchimba katikati ya mistari na kuzifunika kwa udongo, yakabaki mashimo ya kushika maji ili mvua isiuchukue mteremko. Bibi, mama yake baba, alikuwa na onyo lake: mwanamke akilaza nyasi mwenyewe, amemfungia mumewe njia ya kurudi.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia, ushirika uliacha kutukopesha mbolea, na bei yake ikatushinda. Baba akafyeka, akaziacha nyasi zimetapakaa, akashuka ziwani, Ngumbo, kutafuta kazi ya uvuvi. Alisema angewahi kuja kulaza.

Mwezi wa tatu ulifika, baba hakuonekana. Mama akakwama. Asipopanda maharage, tungelala njaa. Akilaza, mama mkwe yupo. Kumwomba mwanamume mwingine kulikuwa sawa na kutangaza kwamba ameachwa.

Asubuhi moja alinipeleka shambani, akanigeuzia mgongo.

“Laza wewe, Imelda. Wewe hujawa mwanamke bado.”

Nilikuwa na miaka tisa. Mistari yangu ilikwenda upogo, lakini mama alichimba nyuma yangu bila kunikosoa. Nilijiona mkubwa kweli.

Bibi alipoyaona mashimo, hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi.

“Nani kalaza?”

“Mimi, bibi.”

“Basi umemfungia baba yako.”

Maharage yalikubali vizuri mno. Baba hakurudi. Kila gari lililopanda kutoka ziwani nililikimbilia barabarani, na usiku niliomba rozari nikitaka ile mistari ifutike. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na mama ndiye aliyenituma?

Nilimtafuta baba nikiwa mtu mzima. Nilimkuta Ngumbo na mke na watoto, na binti yao mkubwa alikuwa amezaliwa kabla mimi sijaanza shule, miaka kabla ya zile nyasi. Anaitwa jina la bibi.

“Bibi yako mwenyewe ndiye aliyempa,” baba akasema, akitazama chini.

Kwa hiyo bibi alijua tangu mwanzo. Kama nyasi zingebaki zimetapakaa, angeendelea kumwambia mama kwamba mwanawe yuko njiani, na mama asingemwacha peke yake uzeeni. Namwelewa. Kumsamehe bado. Nilikuwa na miaka tisa, naye alinitazama usoni.