Tarumbeta ya Kwaya ya Shangazi

Kinanda cha kanisa letu pale Karurumo kilikufa wiki tatu kabla ya kwaya ya akina mama kwenda kuimba Mikinduri. Shangazi yangu, kiongozi wa kwaya na mwalimu mstaafu, akanipigia simu ofisini Embu mjini, ninakofanya kazi ya ukarani. Niliwahi kujigamba mbele yake kwamba laptopu yangu ina programu ya kutengeneza sauti za ala.

"Basi tutengenezee tarumbeta," akasema, kama mtu anayeagiza mkate.

Jumamosi nikafika mazoezini na laptopu na spika. Nikabonyeza. Kimya. Kisha sauti ikaanza kupanda polepole, na ilipofika juu akina mama walikuwa wamemaliza mstari wa kwanza.

"Hii inaamka kama wewe ukiwa shule," shangazi akasema. Walicheka mpaka mmoja akaketi.

Nikajitetea kwamba kila sauti ina bahasha yake.

"Bahasha? Kama ya sadaka?" akauliza yule aliyeketi.

"Hapana, mama. Ni umbo la sauti: inavyoingia, inavyoshuka kidogo, inavyokaa, na inavyoondoka."

Nikapunguza muda wa kuingia, tarumbeta ikaingia vizuri. Muda wa kuondoka, kumbe, nilikuwa nimeuacha mrefu mno. Wimbo ukaisha, tarumbeta ikaendelea. Mchungaji, aliyekuja kutufungia mazoezi, akasimama kuomba, akafumba macho, akafumbua, akasubiri. "Amina," akaiambia spika.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, nilikaa na shangazi jikoni kwake, yeye akimenya nduma, mimi laptopu magotini. Umbo lilikuwa limekaa sawa, lakini sauti yenyewe haikuwa na uhai.

"Imesimama kama nguzo ya stima," akasema.

Ndani ya programu kuna wimbi dogo unaloweza kulituma likaitikise sauti, juu chini, juu chini. Nikalituma. Tarumbeta ikatetemeka tangu mwanzo.

"Huyu ana baridi?" Shangazi akaweka kisu chini. "Sikiliza."

Akaimba noti moja ndefu. Ilitoka imenyooka kabisa, ikakaa, na karibu na mwisho ndipo ikaanza kutetemeka, kidogo tu. Nimeisikia sauti hiyo tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sikuwahi kugundua anachofanya. Nikaona haya.

"Umeona? Ngoja kwanza, ndipo utetemeke."

"Ndiyo, Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyowaita shangazi kwetu. Nikatafuta kitufe cha kulichelewesha lile wimbi, nikakizungusha, nikapiga tena. Akasikiliza, ganda la nduma likining'inia mkononi.

"Huyo sasa ni mtu."

Huko Mikinduri wimbo wa kwanza ulipita salama. Katikati ya wa pili, mkono wa sweta yangu uligusa laptopu na kasi ya wimbi ikaruka hadi mwisho. Tarumbeta ikalia kama mbuzi anayevutwa kamba. Watoto wa viti vya mbele wakaangua kicheko. Nikazima sauti, nikaanza kuirudisha ile kasi.

Shangazi hakugeuka. Aliinua mkono, na akina mama wakaendelea kwa sauti zao tupu. Ubeti wa tatu, nikiwa nimesharekebisha, akanikunjia kidole bila kuniangalia. Nikaingia. Tulimaliza pamoja.

Wakati wa chakula, mama mmoja mwenyeji alikuja na sahani ya mukimo, akachungulia nyuma ya spika.

"Mpiga tarumbeta yuko wapi? Hajala."

Shangazi akaninyooshea kidole. Yule mama akanitazama mashavu, halafu kifua.

"Huyu? Pumzi atoe wapi?" Lakini sahani akanipa.

Nilikuwa bado natafuna wakati shangazi alipokaa kando yangu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama programu yangu inaweza kutengeneza wanaume wanne wa besi, kwa ajili ya Krismasi.

"Naweza kuanza na mmoja, Tata."

"Awe mnene," akasema.