Kidirisha Kwenye Msumeno wa Fundi Jicho

Mama Msasa hakuingia karakana ile kwa nia ya kufanya kazi. Aliingia na chakula cha mchana, miaka ile mumewe akiwa bado kijana mwenye nywele tele, akakuta meza imekwisha kuungwa lakini inaparuza mkono. Akakaa juu ya gogo, akachukua kipande cha msasa ili mikono isikae bure wakati akingoja vyombo. Vyombo vilirudi nyumbani jioni, na yeye pamoja navyo. Kesho yake alikuja mapema zaidi. Ndivyo alivyopata kazi ya maisha bila kuiomba, na jina juu yake, kwa sababu mtaani sasa hakuna anayekumbuka wazazi wake walimwita nani.

Mumewe alikuwa Fundi Jicho. Ujanani ungeweza kumwonyesha ubao ulioegemezwa ukutani ng'ambo ya barabara, akakunja uso kidogo, akakutajia upana wake, nawe ukipima ukakuta kasema kweli. Alishinda soda nyingi kwa mchezo huo. Soda ziliisha zamani. Jina lilibaki, na alilishikilia kwa mikono miwili, kwa maana mwanamume akinyang'anywa nywele na kiuno kwa mpigo, hubakiwa na vichache vya kujivunia.

Msumeno wao wa meza waliununua mkuukuu. Juu ya meza yake kuna pao la chuma linalosogezwa kulia na kushoto. Ubao huegemezwa hapo ukisukumwa kwenye meno. Mbele, kwenye reli, palitakiwa kuwa na namba za kuonyesha pao limekaa umbali gani na meno. Namba za kiwandani zilikuwa zimefutika hata kabla hawajaununua. Mtu mwingine angeleta vipuri. Jicho alileta brashi, akaandika namba zake mwenyewe kwa rangi ya mafuta, kwa mwandiko ambao tatu na nane walikuwa ndugu wa tumbo moja. Stuli ya kwanza ilitoka na miguu isiyosalimiana.

Baadaye alibandika hapo utepe wa kupimia wa fundi cherehani wa jirani. Huo ulifaa hadi mvua ziliponyesha. Utepe ukanywa unyevu, ukalegea, ukarefuka, na fundi cherehani akawa anapita kila siku kuuliza kama atarudishiwa mali yake au aanze kupima watu kwa kamba. Mwishowe Jicho alivunja futi ya chuma iliyokataa kujikunja, akaikata, akaibandika kwenye reli kwa gundi, na hapo tunampa haki yake: ilikaa vizuri.

Lakini fahari yake ilikuwa kidirisha. Alikata kipande cha plastiki kinachoonyesha ng'ambo kutoka kwenye chupa ya maji, akachora katikati mstari mmoja kwa wembe, akaujaza rangi ya kucha aliyoiomba kwa binti yake, nyekundu ya kung'aa. Kidirisha hicho akakifunga kwenye pao kwa skrubu, akikiinua kidogo kwa washa mbili, vile visahani vya chuma vya kuvalia skrubu, kisikwaruze namba. Tundu la skrubu alilitoboa refu, ili kiweze kusogezwa wakati wa kukitegesha. Ukilisogeza pao, mstari mwekundu unatembea juu ya namba, unasimama pale unapotaka. Aliwaita majirani waje kuona. Walikuja, wakaona, wakasifu, wakaenda zao.

Mwaka uliopita, vidole vya Mama Msasa vilianza kusikia kitu. Droo zilicheza ndani ya makabati. Milango ilifunga ikaacha mwanya. Kila kipande kilipungua, na kilipungua kwa kiasi kilekile, unene wa sarafu. Msumeno haukuwa na shida, aliukagua mwenyewe. Basi akamkagua mumewe. Akaona kwamba kila anapotegesha pao, Jicho anainamia upande wa kushoto, anafumba jicho la kulia, na kukichungulia kidirisha kwa pembeni. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Na kwa kuwa kidirisha kimeinuliwa juu ya namba, ukikichungulia kwa pembeni mstari unaangukia namba isiyo yake.

"Baba, macho hayakusumbui?" alimuuliza siku hiyo, kwa sauti ya kupita tu.

"Macho? Yangu mimi?" Jicho aliangalia nyuma kama vile kuna mtu mwingine ameulizwa. "Mama, unajua mimi naitwa nani?"

Alijua. Ndiyo maana alinyamaza, na Jicho alipokwenda kunywa chai, akachukua bisibisi, akalegeza skrubu, akasogeza kidirisha unene wa sarafu, akakaza. Jioni droo ziliingia zikatulia. Jicho alizifungua na kuzifunga, akatamba mbele ya wateja wawili na mbuzi mmoja aliyekuwa akipita kwamba kazi ya mikono yake haihitaji kupimwa mara mbili. Mkewe alikuwa amejiinamia na msasa wake, anatabasamu. Kusema kweli, alifurahi. Ilikuwa siri tamu, na aliibeba mwaka mzima bila kumwonjesha mtu.

Utamu uliisha siku msumeno ulipong'ata kijiti cha kusukumia mbao. Ulikata ncha yake kwa sauti ndogo tu. Jicho alikiangalia kijiti, akacheka, akasema mbao za siku hizi ni laini. Mama Msasa hakucheka. Aliona mkono wa mumewe ulikuwa umefika wapi bila yeye kujua. Kipimo aliweza kumrekebishia kisirisiri, lakini vidole asingeweza kumrekebishia. Kuanzia siku hiyo kila msumeno ulipozimwa alihesabu vidole vya mumewe kwa macho kabla ya kuendelea na kazi. Alitaka mumewe avae miwani, na binti yao akamtaja daktari wa macho anayemjua, lakini Jicho hakutaka kulisikia neno hilo.

Kilichomshinda Jicho hakikuwa mke wala binti. Asubuhi moja aliingia karakanani amenuna.

"Watu wamekosa adabu mtaa huu. Kuna mama amesimama pale kwa fundi cherehani, kavaa vizuri, nimemwambia habari za asubuhi. Kimya! Nimerudia. Kanitazama tu!"

Mama Msasa alichungulia nje. Mlangoni kwa fundi cherehani palikuwa na sanamu mpya ya kuvalisha nguo, ndani ya gauni la kijani. Alitaka kujizuia, akashindwa, akaketi chini kwenye maranda akicheka hadi machozi yakamtoka. Fundi cherehani naye, ambaye hakuwa amesahau utepe wake, aliisambaza habari hiyo mpaka kwa wauza mkaa. Siku nzima watu walipita wakimwuliza Jicho kama yule mama amekwisha kuitikia. Jioni alimwambia binti yake, bila kumtazama, kwamba kama bado anamjua yule daktari wa macho, si vibaya wakapita hapo, kumsalimia tu.

Siku ya kwenda kuchukua miwani, Mama Msasa alikuwa na mpango. Mume akiwa amekwenda, yeye atakirudisha kidirisha mahali pake pa haki, na siri itakufa bila maziko. Alikuwa hata amekwisha kushika bisibisi. Hapo akaingia mwenye duka la vifungo kuja kuangalia kabati lake, lile la droo ndogondogo alilokuwa amelisubiri kwa hamu, na mwenye duka la vifungo akikaa huwa amekaa. Alianza na kabati, akahamia kwa mawifi zake, akawamaliza mmoja mmoja. Alipoinuka kuaga, Jicho alikuwa ameshasimama mlangoni, miwani puani, kinywa wazi.

"Kumbe banda letu chafu hivi!" alisema. "Mama, angalia huo utando wa buibui! Na wewe," akamsogelea mkewe, akamtazama kwa muda mpaka mgeni akaona haya, "kumbe umeota mvi. Zimekupendeza."

Kisha, mgeni alipokwisha kuondoka, alivaa aproni, akaenda moja kwa moja kwenye msumeno, akakata mbao zote za droo za vifungo. Alisimama wima. Mikono yake ilikaa mbali na meno, salama. Mama Msasa alimtazama akitaka kusema na asijue aanzie wapi, na msumeno ukipiga kelele husemi na mtu.

Zilipoungwa, hakuna droo hata moja iliyoingia. Zote zilizidi, unene wa sarafu.

Jicho alijaribu ya kwanza, akaisukuma kwa kiganja, akaipiga ngumi. Akajaribu ya pili. Akavua miwani, akaitazama kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa, akaitumbukiza ndani ya kopo la misumari.

"Inadanganya," alisema. "Mwaka mzima sijakosea hata mara moja. Nimevaa hii siku moja tu, tazama! Kesho binti yako airudishe. Ndiyo maana nilikuwa sitaki."

Akachukua ubao mwingine, akarudi kwenye msumeno, akainama kushoto, akafumba jicho la kulia. Mama Msasa aliona kitakachotokea. Ubao ungetoka sawasawa, kwa sababu kidirisha kilikuwa kimepinda pamoja na jicho lake. Miwani ingebaki kwenye kopo milele, kwa ushahidi uliotengenezwa na mkewe. Na mkono, tazama, ulikuwa umeanza tena kusogea. Akafika ukutani kwa hatua mbili, akazima swichi.

"Miwani haina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Kidirisha nimekisogeza mimi."

"Leo?"

"Mwaka jana."

Jicho alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Lile kabati la mwalimu?"

"Na lile."

"Kitanda cha shemeji?"

"Na hicho."

"Na siku ile niliyomwambia yule seremala wa ng'ambo kwamba hata nikifumbwa macho sikosei?"

"Siku ile nilijiuma ulimi."

Uso wa mume ulimshuka. "Umenifanya mtoto," alisema polepole. "Mtaa mzima ukinisifu, na wewe umekaa pale unanitazama."

"Niliogopa," Mama Msasa alisema. "Niliogopa ukijua macho yanakwenda utafunga karakana, ukae nyumbani unipangie vijiko. Ningekuambia tangu siku ya kwanza, najua. Lakini sasa naogopa zaidi. Kila ukiwasha huu msumeno nahesabu vidole vyako. Jina tutakutafutia jingine, baba. Vidole tutavitafuta wapi?"

Jicho aliweka ubao chini. Alitoka, akakaa kwenye stuli nje, akampa kisogo. Sanamu ya fundi cherehani ilimtazama kutoka ng'ambo. Ndani, Mama Msasa alichukua droo moja iliyokataa kuingia, akaanza kuisugua ubavuni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Aliona vibaya sana. Alijilaumu kwa kusogeza kidirisha, akajilaumu kwa kusema, kisha akajilaumu kwa kutosema mapema, akarudi mwanzo.

Alikuwa ameanza droo ya pili aliposikia kopo la misumari likitikiswa. Jicho aliitoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Alikwenda kwenye msumeno, akasimama wima juu ya kidirisha, akakichunguza kwa muda mrefu. Kando ya skrubu palikuwa na mikwaruzo myembamba ya bisibisi, ambayo mwaka mzima hakuwahi kuiona.

"Umenikwaruzia pao langu," alisema.

Mkewe aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya kugombana kuhusu chumvi, si ya kugombana kweli. 

"Njoo," Jicho alisema, akamnyooshea bisibisi. "Kirudishe kilipokuwa. Wewe ndiye unayepajua."

Mama Msasa alilegeza, akasogeza, akakaza. Jicho akakata kipande kimoja cha majaribio, kisha akakipima kwa futi kamba, mara mbili, yeye ambaye hakuwa akipima mara mbili. Kilikuwa sawa kabisa. Akachukua gundi, akadondosha tone juu ya skrubu, akamshika mkewe kidole gumba na kukikandamiza hapo hadi gundi ikashika, karibu ishike na kidole.

"Nikikosea tena, usinifichie. Niambie."

"Hata mbele ya wateja?"

Alifikiri. "Hata mbele ya wateja. Lakini kwa sauti ndogo."

Droo zilizobaki zilisuguliwa zote kwa mkono. Mwenye duka la vifungo alipokuja kuchukua kabati lake, alivuta droo moja, ikatoka bila kunung'unika. Akaisukuma, ikarudi ikanyamaza. Akavuta nyingine, na nyingine, akicheka kwa furaha.

"Fundi Jicho ni Fundi Jicho!" alisema. "Hukosei, bwana! Sijui unaonaje vitu vidogo namna hii."

Mama Msasa aliinama upesi kwenye kazi yake, kama alivyozoea kuinama kila mumewe aliposifiwa. Alisubiri mumewe apokee sifa zake, apanue kifua, atambe kidogo. Alistahili, kila ubao wa kabati lile aliukata yeye.

"Mwenye jicho ni huyu hapa," Jicho alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidole. "Mimi nina miwani tu."

Mwenye duka la vifungo aliangalia huku na huku, akidhani ni mzaha. Jicho hakuwa anacheka. Mama Msasa akaanza kuutafuta msasa wake, chini ya meza, mfukoni, nyuma ya kopo la vanishi, akautafuta kwa muda mrefu, na msasa ulikuwa mkononi mwake.