Kamera Iliyoniona Nikitafuna

Jamani, hili acha niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Ofisini kwetu, mtaa wa Hurlingham, tumeunda kamera ambayo chipu yake inaiga ubongo. Inapuuza kila kilichotulia na kuonyesha kinachosogea tu. Ukisimama tuli, kwenye skrini hupo.

Siku ya kumwonyesha mteja, bosi wetu, Madam Nyambura, alitangaza tufunge sote hadi mgeni aondoke, ili Mungu atupe oda ya mteja huyo. Amina yangu ndiyo ilisikika kuliko zote. Kufika saa tano, njaa ikanishinda. Nikajificha stoo na mandazi, na nilikuwa nimetia la mwisho mdomoni niliposikia, "Mgeni amefika!"

Nikatoka mashavu yamejaa, nikajipanga na wenzangu mbele ya kamera. Mgeni, mama mmoja mpole, alisimama kando ya Madam, akasema tuanze na maombi, akayaongoza mwenyewe. Nilifurahi ajabu. Kila mtu angefumba macho, nami ningemaliza kutafuna kwa amani.

Katikati ya maombi, mama akanyamaza. Nikafumbua jicho moja. Wenzangu walikuwa wametulia kama nguzo, kwa hiyo skrini kubwa ukutani ilikuwa giza tupu. Katikati ya giza hilo palikuwa na mdomo mmoja, unatafuna.

"Kweli inafanya kazi," mama akasema.

Madam akafumbua macho. "Si tumefunga? Huyo ni nani?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu kuonyesha si mimi. Kwenye skrini, uso wangu wote ukatokea.