Sindano Sita za Ganzi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mafaili amekuwa akiyapa maradhi ya watu misimbo, yaani namba za kuyatambulisha, katika chumba cha kumbukumbu za hospitali. Asubuhi hiyo shemeji yake, daktari wa meno, alileta faili la bibi aliyetetemeka na kupoteza fahamu aking'olewa jino.

"Shemeji, weka msimbo wa kuzirai tu. Bibi keshaamka, anadai chai."

Daktari hakuwa ameandika idadi ya sindano za ganzi, ila muuguzi aliiandika: sita, nyingi mno kwa bibi wa kilo thelathini na nane.

"Hii si kuzirai, ni ganzi iliyozidi ikawa sumu," Mama Mafaili alisema.

"Yaani unamchongea mume wa dada yako?"

"Nikificha, kesho daktari mwingine atamdunga sita tena."

Daktari akaomba kalamu, akaandika mwenyewe kwenye faili: sita.